STAA WA MAJUU NA KIDOTI CHEKUNDU: BASTOLA IMEPENDEZA, SHABAHA JE?

Kuna staa mmoja wa Kibongo anaishi Houston, Texas. Jina halitajwi hapa ila wafuatiliaji wa mitandao wameshamjua. Wiki nzima klipu yake inazunguka: bastola ndogo ya kuficha kiunoni, Glock 43X, na juu yake kimefungwa kilengeo kipya, kile cha kioo chenye kidoti chekundu. Muziki unapiga, maandishi yanasema "usalama kwanza". Wadau wanamwaga vimoto chini ya posti, na washkaji zake wawili wa huko huko Texas wanasema nao wameshaagiza.

Usalama gani sasa? Irudisheni hiyo klipu taratibu. Pale anapoigeuza bastola kwenye taa, kile kinailoni cha dukani bado kimebandikwa kwenye kioo. Yaani kitu hakijapigiwa hata risasi moja, tayari kinaitwa ulinzi wa familia.

Kilengeo kipya hakijui risasi ya bastola yako inatua wapi. Ukishakifunga lazima uende uwanja wa shabaha, upige karatasi, ukizungushe vile viskrubu vidogo mpaka kidoti na tundu la risasi vikutane. Bila hiyo kazi, kidoti kinaweza kukaa kwenye kifua cha jambazi halafu risasi ikaenda kwa jirani. Na nyumba nyingi za kupanga kule kuta za ndani ni mbao na jasi tu, risasi ya milimita 9 inapita kama inapita kwenye boksi. Upande wa pili kuna mtoto wa mtu amelala.

Wanaomtetea wanasema kila mtu huko anabadilisha vilengeo, ni kawaida. Ni kweli, na kidoti chenyewe siyo ujinga. Vilengeo vinavyokuja na Glock nyingi ni vya plastiki, na kwenye bastola fupi kama hii umbali kati ya kile cha mbele na cha nyuma ni kama milimita 132 tu. Piga hesabu: ukikosea kuvipanga kwa milimita 1, kwenye mita 7 risasi inahama sentimita 5 hivi, kwenye mita 15 inahama zaidi ya 11. Kidoti kinakuondolea hiyo kazi ya kupanga viwili, unamwangalia mlengwa macho yote wazi. Polisi wengi wa Marekani wamehamia huko, na hawakuhamia kwa sababu ya kiki.

Ila hao polisi wanapelekwa mazoezini. Kuna kitu kila anayeanza kutumia kidoti anakutana nacho: unachomoa bastola, unainyanyua, kidoti hukioni. Kipo, ila kifundo cha mkono kimepinda kidogo, kwa hiyo unabaki unatafuta taa ndani ya kioo kama mtu anayetafuta mtandao juu ya paa. Dawa yake ni kuchomoa na kunyanyua mara mia kadhaa, bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine. Hiyo haiwekwi muziki. Halafu hakuna kilengeo duniani kinachotibu mkono unaoshtuka kabla mlio haujatoka. Ukivuta kifyatulio kwa pupa, mdomo wa bastola unainama, na kidoti kinainama nao.

Vile vilengeo vinavyowaka gizani bila betri, vya tritiamu, ambavyo staa amesema ndiyo vinafuata kununuliwa, navyo vinaelezwa vibaya. Vinakuonyesha bastola yako iko wapi. Havikuonyeshi aliyesimama koridoni ni mwizi au ni shemeji amerudi usiku. Kwa hilo unahitaji tochi. Tochi haipendezi kwenye klipu, ndiyo maana hamjaiona.

Tangu Septemba 2021, Texas mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimzuii anaweza kubeba bastola bila leseni. Anayetaka leseni bado anasoma darasa na kupiga risasi 50, kwenye yadi 3, 7 na 15, na watu wanafaulu huo mtihani kila siku na vilengeo vya plastiki. Vidoti vingi vya bastola ndogo vinauzwa dola 200 hadi 400. Hiyo hela ni maboksi kibao ya risasi za mazoezi, lakini boksi la risasi haling'ai.

Na yule msanii mgeni aliyepewa aishike bastola mwishoni mwa klipu, aliyekwenda kwa shoo, nani alimshauri? Sheria ya shirikisho kule inawakataza wengi walioingia kwa viza ya muda kuwa na silaha, ukiacha vighairi vichache kama mwenye leseni ya uwindaji. Wenzake wanasherehekea, yeye ushahidi dhidi yake upo hadharani na tarehe juu.

Kingine cha kuchekesha, bastola hiyo imetengenezwa nyembamba ili isionekane. Sasa watu wote wanaomfuata wanajua anabeba nini, na kwa zile klipu za garini wanajua anaiweka upande gani. Anayepanga kumvizia ameshafanyiwa nusu ya kazi.

Kama kweli ni usalama, posti inayofuata iwe rahisi tu. Akibandue hicho kinailoni, aende uwanjani, aweke karatasi mita 7, apige risasi kumi, klipu moja isiyokatwa, kisha aisogeze hiyo karatasi kwenye kamera. Muziki azime.