Breki Kwanza, Sifa Baadaye

Mafundi wetu wamekwisha onyesha kwamba gari laweza kuundwa kwa mikono ya Mwafrika. Mwaka 1990 Kenya ilionyesha hadharani Nyayo Pioneer. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kikatoa Kiira EV. Na mwaka 2022 Ndugu Masoud Kipanya akaonyesha gari lake la umeme Dar es Salaam. Fundi wa Morogoro aundaye gari uani kwake asichekwe.

Lakini gari lingurumalo uani halijawa gari la barabarani. Mbele yake yupo mkaguzi wa magari wa polisi, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Fundi asimwone mkaguzi kuwa adui. Mtu ateremkaye milima ya Uluguru kutoka Mgeta na magunia ya kabichi hana rafiki ila breki.

Basi ajikague mwenyewe kwanza. Breki ya mguu na ya mkono, kila moja ishike peke yake, usukani usicheze, palipochomelewa pasiwe na ufa, taa, honi na vioo vya kutazamia nyuma viwe kamili, na hati za injini zionyeshe ilikopatikana.

Nao wakaguzi twawaomba: gari lisikataliwe kwa kuwa limeundwa kwetu, wala lisipitishwe kwa kuwa limeundwa kwetu. Likikataliwa, fundi aandikiwe kasoro zake akazirekebishe. Heshima ya taifa haijengwi kwa kuoneana haya, bali kwa kazi iliyopimwa ikaonekana imara.