Makerere na Jirani Zake wa Kawempe

Kilima cha Makerere, ambacho kwa taratibu za mji wa Kampala kimo ndani ya mipaka ya Kawempe, kilipokea mnamo mwaka 1922, chini ya himaya ya Waingereza, wanafunzi 14 wa chuo cha ufundi waliokuja kujifunza useremala, uashi na ufundi wa mitambo. Na ijapokuwa chuo kile kilipanda daraja baada ya daraja, kikafungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikajitegemea mwaka 1970, na katika muda huo kikawalea kina Julius Nyerere na Mwai Kibaki, mimi siioni fahari yake iliyo kubwa kuliko asili ile ya kazi za mikono.

Nayo ndiyo iliyosahauliwa. Chini ya kilima, katika Bwaise, ambako mvua kubwa ikinyesha maji huingia majumbani, na Kalerwe penye soko, wamo maseremala, waashi na wachomeleaji mahiri ambao ujuzi wao hauna shahada. Nami nasema ni wajibu, wala si hisani, Makerere kuwafungulia karakana zake nyakati za jioni, kuwapima na kuwapa hati, na wahandisi wake kushuka wakatengeneze mifereji pamoja nao.