Paka Kukoroma Si Pumu

Mtoto akianza kubanwa kifua, iwe Kayanga au Nkwenda mkoani Kagera, lawama humwangukia paka. "Si unamsikia anavyokoroma? Ana pumu huyo, ndiye kamwambukiza mtoto." Paka hutiwa kwenye kiroba akatupwa mbali, na wakubwa wakarudi nyumbani wakiamini wamemtibu mtoto. Huo ni uonevu kwa mnyama, na kwa mtoto ni hatari.

Pumu haiambukizi. Mwenye pumu njia zake za hewa huvimba na kubana zikikutana na kinachoichochea: moshi, vumbi, baridi, mafua. Paka naye anaweza kumsumbua mtu mwenye mzio, sikatai. Lakini kinachomsumbua ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo husambaa kwenye manyoya anapojilamba. Hata paka asiyekoroma kamwe anayo.

Mkoromo wenyewe hutoka kooni. Nyuzi za sauti hutetemeka mara 25 hadi 30 hivi kwa sekunde, paka akivuta pumzi na akiitoa, ndiyo maana sauti haikatiki. Mgonjwa wa pumu kifua humlia kama filimbi, hasa akitoa pumzi, naye huhangaika. Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walipitisha hewa kwenye makoo ya paka wanane waliokwisha kufa, nayo yakakoroma bila ubongo kuyaamrisha. Ndani ya nyuzi zile walikuta vinundu ambavyo huenda ndivyo vinavyozifanya zitetemeke polepole. Paka ameumbwa hivyo. Duma pia hukoroma.

Wanaosema paka akikoroma basi ana raha nao wasijiamini mno: hata aliyeumia hukoroma. Asiyekula aonwe na daktari wa mifugo, akorome asikorome.

Sasa tuingie jikoni, mahali ambapo hakuna anayepashuku. Maharage yako motoni tangu mchana, kuni hazijakauka vizuri, kidirisha ni cha kupitisha mkono tu, na mtoto yuko mgongoni mwa mama. Paa limeshakuwa jeusi kwa masizi. Moshi huohuo ndio anaovuta mtoto kila siku, mapafu yake yakiwa bado yanakua. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini dirisha la jiko halihitaji kungoja 2034. Paka anatupwa siku hiyohiyo, moshi unaachwa. Kisha panya wanavamia magunia, na sumu inatandazwa sakafuni anapotambaa mtoto yuleyule.

Mtoto apelekwe hospitali apimwe, apewe dawa ya kuvuta ikihitajika. Ikithibitika ana mzio wa paka, basi paka ahamie ghalani kwenye maharage, ndiko waliko panya.