Mdundo wa Wageni, Ulimi wa Wenyeji

Mabishano kuhusu muziki uliochanganya asili mbili huanza, mara nyingi, kwa swali lisilo na tija: je, kazi hii ni yao au wameiga? Swali hilo limeulizwa sana kuhusu Kazemachi Roman, albamu ya kundi la Happy End la Tokyo iliyotoka Novemba 1971. Nimewasikilizisha watunzi wenzangu albamu hiyo kwa nyakati tofauti, nao hawajaafikiana hata mara moja. Mmoja, mshairi wa mapokeo aliyebobea, alisema anasikia Marekani iliyovishwa kimono. Mwingine, kijana wa juzi tu, alisema hajapata kusikia kitu chenye ladha ya Kijapani zaidi, ingawa hajui neno hata moja la lugha hiyo. Nadhani wote wawili walisikiliza magita. Mimi ningependa tusikilize silabi.

Habari ya magita haifichiki. Haruomi Hosono, Eiichi Ohtaki, Shigeru Suzuki na Takashi Matsumoto walijifunza kwa makundi ya Marekani, hasa Buffalo Springfield. Katika Japani ya wakati ule, wapo wapiga roki walioona kwamba ukichukua muziki huo huna budi kuchukua na Kiingereza chake. Mtetezi mashuhuri wa rai hiyo alikuwa Yuya Uchida, mtayarishaji wa Flower Travellin' Band, ambao albamu yao Satori ilitoka mwaka huohuo wa 1971. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba Kijapani hakikai juu ya mapigo ya roki, na kwamba anayetaka kusikika ulimwenguni sharti aimbe kwa lugha inayosikika ulimwenguni. Happy End wao waliimba kwa Kijapani. Pande hizo mbili zilikutana katika kurasa za jarida la New Music Magazine, na mjadala wao hutajwa hadi leo katika historia ya muziki wa nchi hiyo.

Hoja ya kwanza ya Uchida haikuwa ya kipuuzi, na sisi tunaohesabu mizani tunapaswa kuielewa upesi kuliko wengine. Silabi nyingi za Kijapani, kama za Kiswahili, huishia kwa irabu, na kila mizani huchukua muda unaokaribiana na wa mwenzake. Hata n inayofunga neno huhesabiwa peke yake: Nihon, jina la nchi yao, lina mizani tatu, kama neno mtu lilivyo na mbili kwetu. Ndiyo maana tanka yao hupimwa kwa mizani 31, nasi hupima mshororo wa shairi kwa 16. Kiingereza hakiendi hivyo. Neno zima laweza kuingia katika noti moja, na mkazo wake ukaangukia pigo la ngoma kama nyundo juu ya msumari. Katika noti nne Mwingereza aweza kutia maneno manne. Mjapani anayetia mizani moja kwa kila noti huenda asimalize hata maneno mawili.

Lipo tatizo la pili, la sauti kupanda na kushuka. Kwa lafudhi ya Tokyo, ame inayoanza juu na kushuka ni mvua. Inayoanza chini na kupanda ni peremende. Lahani isiyojali yaweza kumnyeshea msikilizaji peremende. Nasi tunayo ya kwetu: hamisha mkazo katika neno barabara, na njia ya kupita inageuka kuwa sawasawa. Nilipokuwa nikifundisha ushairi katika chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba lahani ni mgeni na neno ni mwenye nyumba. Mgeni hukaribishwa, lakini hahamishi kuta. Kwa kipimo hicho, Happy End hawatoki bila lawama. Lalamiko kwamba maneno yao hukatwa na kuvutwa hadi msikilizaji akayapoteza lina msingi.

Kwa nini basi nasimama upande wao? Kwa sababu walikifanyisha Kijapani kazi ambayo Kiingereza kisingeiweza. Tazama wimbo uitwao Haikara Hakuchi. Haikara ni neno la Kiingereza lililoingia Kijapani zama za Meiji, likitokana na kola ndefu ya shati, nalo humtaja mtu anayejitia Uzungu. Hakuchi ni punguani. Lakini jina hilo limeandikwa kwa hiragana, herufi zinazoonyesha sauti tu, na sauti zilezile zaweza kueleweka kuwa damu inayotemwa kutoka mapafuni. Kijana mwenye gita la Kimarekani anajicheka mwenyewe, na chini ya kicheko pana ugonjwa. Jina la wimbo wa mwisho nalo husikika kama irabu tano za Kijapani, a-i-u-e-o, ilhali limeandikwa kwa herufi za upendo na njaa. Hata jina la albamu lina ujanja wake. Kaze ni upepo, machi ni mji, na roman ni neno la Ulaya. Maneno ya namna hiyo kwa kawaida huandikwa kwa katakana, herufi za maneno ya kigeni; hapa limeandikwa kwa hiragana, kama neno lililozaliwa nyumbani.

Mji huo wa upepo ni Tokyo ya utoto wa Matsumoto, mpiga ngoma wa kundi na mtunzi wa sehemu kubwa ya maneno, kabla ya ujenzi wa Olimpiki ya 1964 kuubadilisha. Basi kijana huyu ameazima ala za Marekani kuuombolezea mtaa wake. Anayesikia mwigo tu hajayafikia maombolezo, na anayesifu ladha ya Kijapani bila kuuliza maneno yanasema nini hajayafikia pia.

Hoja ya pili ya Uchida imejibiwa na muda. Kaze wo Atsumete, wimbo mmoja wa albamu hii, ulitumiwa mwaka 2003 katika filamu ya Lost in Translation ya Sofia Coppola, ukawafikia wasikilizaji wengi wa Magharibi ukiwa na Kijapani chake. Mwaka 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliiweka albamu hii ya kwanza kati ya albamu 100 bora za roki ya Japani. Hata hivyo tusishangilie haraka. Ilipita miaka 32, na mlango ukafunguliwa na filamu ya Kimarekani. Anayewaambia vijana kwamba lugha yao itawafikisha mbali awaambie pia kwamba safari yaweza kuwa ndefu.

Nayasema haya kwa sababu ugomvi huu ni wetu pia. Juma Bhalo wa Mombasa alitia mashairi katika mahadhi ya Kihindi, na mashairi yakabaki mashairi. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tulibishana kama ule ni ushairi. Leo vijana wanatunga juu ya midundo iliyozaliwa mbali, na wazee tunaukataa mdundo kabla hatujalisikia neno. Matokeo yake ni hasara mara mbili: mtunzi hodari anatukimbia, na mtunzi mzembe anakosa wa kumsahihisha, kwa kuwa lawama yetu haikugusa kosa lake. Kosa lake si mdundo. Kosa lake ni mkazo uliohamishwa bila sababu, na Kiingereza kilichoitwa pale alipochoka kulitafuta neno.

Nawaomba wasomaji jambo dogo. Mkikutana na wimbo wa Kiswahili juu ya mdundo wa kigeni, yaandikeni maneno yake kwenye karatasi, hesabuni mizani, kisha yasomeni kwa sauti bila ala. Hapo ndipo tubishane.