Mfugaji Aliye Rubani
Katika nyanda kame za kaskazini mwa Australia, ambako shamba moja la ng'ombe huweza kuenea maelfu ya kilomita za mraba, mfugaji mwenye leseni ya urubani huitumia ndege ndogo kama zana ya shambani, kwa kuwa ukaguzi wa visima, uzio na mabirika ya kunyweshea mifugo, ambao kwa gari ungechukua siku nzima au zaidi, humalizika kwa saa chache. Kazi ya hatari zaidi ni kuwakusanya ng'ombe kwa helikopta, aghalabu Robinson R22 yenye viti viwili, ambapo rubani hushuka karibu na vilele vya miti na kuwatoa vichakani kwa mngurumo wa helikopta, jicho moja likiwa kwa fahali mkaidi na jingine kwenye nyaya za umeme. Injini ikizimika katika kimo hicho, muda wa kujiokoa ni mfupi mno. Ustadi huu, unaodai mafunzo maalumu juu ya leseni ya kawaida, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Na kiwanja kile kile cha vumbi ambacho mfugaji hurukia na kutua, na ambacho hukaguliwa kwanza kisiwe na kangaruu, ndicho pia kinachopokea ndege ya Huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzia mjini Cloncurry mwaka 1928, mgonjwa anapohitaji kukimbizwa hospitalini.