Asusa ya Kwanza ni ya Mtoto wa Nyumba

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni asusa na vitafunio vya majumbani mwetu. Hapa kwetu Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Chwaka na Pongwe, mara nyingi tumeona mtoto atokapo chuoni jioni hupewa fedha akanunue dukani pakiti ya biskuti na chupa ya soda. Na saa ile ile mzee wake yumo njiani kumpelekea mchuuzi pweza ambaye nyumba nzima haikumwonja. Je, biashara hii ina faida gani, ikiwa kilicho bora chatoka na kilicho duni chaingia?

Hatusemi haya kwa kuwalaumu kina mama, kwani kazi zao twazijua. Tangu mwaka 1989, ulipoanza kulimwa mwani wa biashara katika pwani hii ya mashariki, mwanamke wa shamba amepata fedha iliyo yake mwenyewe; lakini pia amepata kazi ya kuinama ndani ya maji kwa saa nyingi. Maji yakipwa huenda kufunga mwani au kuchokoa pweza. Yakijaa hurejea hali amechoka, na nazi ya kukuna yamngoja. Si ajabu basi kwamba pakiti ya dukani ikaonekana kuwa ni rahisi. Lakini hebu tuhesabu tunachokipoteza.

Muhogo, ambao hukubali kuota hata katika ardhi yetu ya mawe, asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Shelisheli asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kaimati jina lake limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni matonge madogo. Sambusa ilitoka Uajemi, na kachori na bajia zilitoka Bara Hindi. Vyote hivi vilikuja vikiwa wageni, na mikono ya mabibi zetu ndiyo iliyovitia tui, hiliki na ndimu hata vikawa wenyeji. Tazameni urojo wa mjini: katika bakuli moja mna mbatata, bajia, kachori, chatne ya nazi na chipsi za muhogo. Basi chakula cha kwetu hakikuwa chetu kwa kuota hapa, bali kwa kuwa palikuwa na mkono uliokijua. Mkono huo ukisahau, jina litabakia katika karatasi ya hoteli, na jikoni hamna kitu.

Wenzetu wa mbali wamelitambua jambo hili. Huko Australia iko biskuti iitwayo Anzac, ya oti, sukari na nazi iliyokaushwa. Kila ifikapo tarehe 25 Aprili, watu huioka majumbani kwa kuwakumbuka askari wao waliotua Gallipoli mwaka 1915, na jina lenyewe limelindwa kwa sheria. Biskuti ile si kitu cha anasa. Thamani yake ni kwamba mtoto huipokea kwa mzazi wake pamoja na hadithi yake. Ikiwa wao wameyafanya hayo kwa nazi iliyotoka ng'ambo, sisi tulio chini ya minazi tuna udhuru gani?

Haifai kulalamika pasi na kutoa shauri. Kila mwezi bahari hutupa siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ambapo maji hupwa sana na kazi ya pwani huwa nyingi. Baina yake huja maji mafu, ambapo maji hayaendi mbali na mikono hupata nafasi. Siku hizo na ziwe ndizo siku za jiko. Mchele huroweshwa usiku kucha, kisha ukasagwa pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na hiliki. Ukishaumuka humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, ukapaliwa moto wa makaa chini na juu. Huo ndio mkate wa kumimina. Mtoto wa kike na wa kiume na wasimame hapo wote wawili, wakune nazi na kupalia makaa, wajue kwa macho na kwa pua ni wakati gani umeiva.

Shauri la pili ni la pweza. Siku apatikanapo, mnyiri mmoja na ubakie nyumbani kabla wengine hawajakwenda sokoni. Upigwe ukalainike, uchemshwe, utiwe tui na ndimu, uliwe kwa muhogo wa kuchemsha. Nyama yake hujenga mwili, na ina madini ya chuma ambayo damu huyahitaji. Ni pakiti gani ya dukani itakayompa mtoto hayo?

Wala hatudai kwamba kila cha zamani ni dawa. Kaimati na visheti vina sukari na mafuta mengi. Vitamu hivyo na viwe vya Ramadhani na vya sikukuu, si vya kila jioni. Muhogo wa kuchoma, shelisheli la kuchemsha, kunde za nazi na samaki mdogo wa kukaanga ndivyo vinavyofaa siku zote.

Mtoto wa nyumba ana haki katika kile ambacho mikono ya wazee wake imekichuma. Tusimpe mabaki ya soko, kisha tukastaajabu akivionea haya vya kwao. Mwenyezi Mungu aibariki riziki yetu, na atujaalie tuwe wenye kuirithisha kwa wana wetu pamoja na ujuzi wake. Amin.