MLEVI AKITOLEWA NJE, NANI ATALIPA?



Wengi wetu ni watumishi wa baa na hoteli, na wengine hurudi nyumbani usiku kwa miguu kutoka zamu. Sisi ndio tunaomimina pombe, na sisi ndio tunaogongwa barabarani na waliokunywa. Jambo hili latuhusu pande zote mbili.

Huko Kanada, karibu na Niagara, palikuwa na hoteli iitwayo Jordan House. Mteja mmoja alijulikana sana pale kwa ulevi, hata mwenye hoteli aliwaagiza watumishi wasimuuzie kitu asipokuwa na mtu wa kumwangalia. Lakini jioni moja ya Januari 1968 aliuziwa mpaka akalewa chakari, kisha akatolewa nje gizani. Akishika barabara kuu kwa miguu, aligongwa na gari. Mwaka 1973 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilikubali hasara igawanywe mafungu matatu sawa: moja la mlevi mwenyewe, moja la dereva, moja la hoteli.

Majaji hawakusema kuuza pombe ni kosa. Walisema hoteli ilimjua mtu huyu na hali yake, tena iliijua barabara ile. Ingalitosha kumkabidhi kwa mtu wa kumfikisha kwake, au kumweka ndani mpaka akili imrudie.

Na aliyeumizwa na mlevi je? Huko New Jersey, Marekani, mwaka 1959 mahakama ilikubali kuwa baa iliyomuuzia kijana asiyetimiza umri yaweza kushitakiwa, ikiwa kijana yule ameendesha gari akaua mtu. Majaji wa Australia mwaka 2009 walikata kinyume: mtu mzima ajitunze mwenyewe, isipokuwa kwa hali za pekee. Sisi hatukubaliani nao. Anayepata faida ya chupa ya kumi hawezi kusema hakuiona.

Hapa kwetu sheria ya pombe ya mwaka 2010 ilishughulika sana na leseni, saa na faini. Yampa mwenye leseni uwezo wa kumtoa mlevi nje. Vema, lakini nje ni wapi? Na anayetumwa kumtoa ni nani, kama si askari wa mlangoni na mama anayehudumu mezani? Tajiri yuko kwake amelala.

Hofu yetu ni hii. Siku mahakama itakapomwambia tajiri alipe, atamgeukia mtumishi: "Wewe ndiwe uliyemimina." Na mtumishi akikataa kumimina, ataambiwa amekaidi amri, afukuzwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kukataa amri iliyo halali na ya haki ni kosa kubwa. Twauliza: kumwongezea pombe mtu asiyeweza kusimama ni amri ya haki?

Kwa hiyo twataka iandikwe katika mapatano yetu na waajiri ya kuwa mtumishi akikataa kumuuzia mlevi hataadhibiwa, wala hatakatwa mshahara kwa bia ambayo haikuuzwa. Tena fedha ya teksi ya kumpeleka mlevi kwake itoke kwa tajiri, isitoke katika bakshishi. Na mlevi asitolewe na mtu mmoja peke yake usiku.

Matawi ambayo mapatano yao yakaribia kwisha yapeleke madai haya mezani kabla ya kuzungumza habari ya mishahara.